Jina Moja Kwenye Leseni ya Mtama

Kikole, Jumatano baada ya laasiri

Mwanangu Somoe,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na kicheko chako nakisikia mpaka hapa barazani. Kesho asubuhi lori la mihogo likipita utapanda, na Mungu akijalia utalala Lindi, Mtanda, kwa Rukia. Salamu zangu na dua zangu nitakupa kwa mdomo tukiagana. Karatasi hii nitaitia kwenye kikapu chako, chini ya kanga, uisome ukishafika na ukishapumzika. Nimeandika kwa herufi zetu za chuoni, za Kiarabu, maana hizo za shule mkono wangu haujazizoea. Pale nilipofuta, vumilia.

Sitakufundisha namna ya kufunga mlango, wala nani wa kumkaribisha ndani na nani wa kumwitikia salamu ukiwa kizingitini. Hayo umeyasikia tangu unaota meno, na nimekuona unavyogeuza macho nikiyaanza.

Juzi tulipokuwa tunapepeta mpunga nilikuuliza, "Wewe na Rukia mmeandikiana?" Ukacheka. "Tuandikiane nini, mama? Cherehani moja yake, moja yangu, chumba tunapanga pamoja. Mimi na Rukia ni tumbo moja." Nikanyamaza, nawe ukadhani nimeridhika. Mwanangu, nilinyamaza kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu vilevile, juu ya mtu mwingine. Tangu juzi hayanitoki kichwani.

Mtama tulikoishi unaikumbuka kidogo. Unakumbuka malori, unakumbuka vumbi, unakumbuka kulala juu ya magunia nyuma ya hoteli yetu ya chakula. Unajua tuliondoka pale bila kupenda. Ulipokuwa ukiniuliza sababu nilikujibu kwamba kazi ya karanga kule Nachingwea ilikwisha na malori yakapungua. Malori yalipungua kweli, lakini sisi tulikuwa tumeshaondoka kabla.

Baba yako alipofariki, Mungu amrehemu, wewe ulikuwa bado unatambaa. Nilikuwa nauza mbaazi na maandazi kwenye sinia, njiani, kwa madereva na mataniboi wao. Hapo ndipo nilipokutana na Anastasia. Alikuwa Mmakonde wa kule juu mlimani, Mkristo, mumewe akikata mkonge mbali na kurudi nyumbani mara chache. Yeye alikuwa anauza chai. Dereva akinunua andazi kwangu anavuka barabara kununua chai kwake. Siku moja Anastasia alivuka na birika lake, akaliweka kando ya sinia langu, akasema, "Dada Biti Mfaume, hawa wanaume tunawachosha miguu bure."

Basi tukaanza. Mzee Chilumba, aliyekuwa na uwanja kando ya barabara, alituita wote wawili. Alichukua fimbo yake akakwaruza ardhi kutoka kwenye mkorosho mpaka kwenye kichuguu. "Jengeni hapa," akasema. "Kodi yangu ni sahani ya chakula kila mchana, nikiwa hai." Anastasia alikwenda kuteka maji ya kunyunyizia ule mstari usifutike. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Nguzo tulizibeba sisi, makuti tulisuka sisi, kiambaza tulikikandika sisi kwa mikono yetu. Yeye alikuwa na nguvu kunishinda. Mimi nilikuwa na maneno kumshinda.

Siku ya kukata leseni bomani, Lindi, tulipanga twende wote. Asubuhi ile yakaja malori mengi, chungu kiko jikoni, na mmoja ikabidi abaki. Nikaenda mimi. Karani aliniuliza, "Jina la mwenye hoteli?" Nikamwambia tuko wawili. Alikuwa na haraka, watu wamepanga foleni mpaka nje. "Mama, mstari ni mmoja. Nipe jina moja." Nikampa langu. Sikuwa na hila yoyote moyoni, naapa. Nilimwonyesha Anastasia ile karatasi jioni nikamweleza. Hakujua kusoma. Aliitazama, akaipuliza unga uliokuwa umeirukia, akasema, "Jina lako au langu, si lilelile?" Akaendelea kukanda.

Laiti ningerudi bomani siku nyingine, siku isiyo na foleni. Laiti tungekwenda kwa yule mwalimu wa shule aliyekuwa akila kwetu, akatuandikia mistari michache: fulani na fulani wamejenga pamoja, cha huyu ni hiki na cha huyu ni hiki, mmoja akiugua itakuwa hivi, mmoja akifa watoto wake watapata hivi. Nasi tungetia dole gumba mbele ya mashahidi. Tulikuwa tunapendana, na ndiyo maana tuliona haya kufanya hivyo. Kumwambia mwenzio tuandikiane ilikuwa kama kumwambia humwamini. Sasa naona siku ile tuliyokuwa tunapendana ndiyo tungeweza kuandikiana bila kuumizana. Baadaye hakuna aliyeweza.

Kazi ilishika. Bwana afya alipokuja kukagua, akatukuta tunaosha vyombo kwenye karai moja, alitutishia kutufungia. Anastasia ndiye aliyekwenda kuongea naye, akachimba shimo la taka kwa jembe siku hiyohiyo, na bwana afya aliporudi akala kwetu. Mimi nilikuwa mbele, nachukua maagizo, nataniana na madereva. Yeye alikuwa nyuma kwenye moshi. Watu walianza kusema "hoteli ya Biti Mfaume." Sikuwasahihisha. Mwanzo nilikuwa nikimtazama Anastasia nione kama amesikia. Baadaye sikumtazama tena.

Halafu mama yake akaugua kule juu. Akaja kuniaga akiwa na mtoto wake mgongoni. "Dada, nakwenda kumuuguza. Sijui nitarudi lini. Hapa niangalizie." Nikamwambia, "Nenda, hapa ni kwako."

Alikaa huko masika yote na kiangazi chote. Mama yake alikufa taratibu, kama wanavyokufa wazee wengine. Mimi huku niliajiri msichana wa jikoni. Nikaongeza chumba. Nikanunua meza. Nikaifanya upya leseni kwa jina langu lilelile. Kila nilichoongeza nilikihesabu moyoni kuwa ni changu, na taratibu hata vya zamani vikaingia humo. Hakuna siku niliyokaa chini nikakata shauri kumdhulumu, Somoe. Nataka uelewe hilo, maana ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa nachoka, nalala, naamka, na kila nikiamka sehemu yake imekuwa ndogo zaidi.

Aliporudi aliingia kwa mlango wa nyuma, kama siku zote, akavua ushanga wa msiba akautundika kwenye msumari, akamwambia yule msichana, "Pisha, mwanangu, nikusaidie." Msichana akanitazama mimi. Nikasema, "Dada Anastasia, karibu ukae kwanza. Tutazungumza."

"Tuzungumze nini?"

"Mambo yamebadilika. Umekuwa huko muda mrefu. Nitakupa kazi, usiwe na wasiwasi."

Alisimama, mkono uko kwenye kifuniko cha chungu. "Utanipa kazi," akasema. "Wewe. Mimi."

Hakupiga kelele. Alichukua ushanga wake akatoka. Baada ya siku chache nikapata mwito wa baraza. Amenishtaki kwa liwali.

Siku ya baraza watu walijaa, nusu yao wateja wetu. Anastasia aliapa kwa kitabu chake akaeleza yote, tangu birika lile la chai. Liwali, mtu mpole, alimuuliza, "Una hati?" Hana. "Una shahidi wa makubaliano yenu?" Akasema, "Shahidi wangu ni yeye," akaninyooshea mkono. Watu wakacheka. Mzee Chilumba wakati ule alikuwa amelala kwa ugonjwa hajitambui, na sijui kwa nini Anastasia hakumtaja. Labda aliamini kweli kwamba mimi nitatosha.

Nikaapishwa kwa msahafu. Liwali akauliza, "Hoteli mlijenga pamoja?"

Nikasema, "Nilijenga mimi. Yeye alikuja baadaye, akawa ananisaidia jikoni."

Nikatoa leseni. Jina ni moja. Kesi ikaisha kabla ya adhuhuri. Anastasia alinipita mlangoni bila kunitazama, akapanda njia ya kwao na mtoto wake.

Huenda unaposoma hapa unataka kuiweka karatasi hii kando. Iweke ukitaka, lakini urudi.

Mzee Chilumba alikufa mwaka uliofuata. Nilipeleka chakula cha matanga, nikalia kwa dhati, maana alikuwa mtu mwema kwetu. Matanga yalipokwisha akaja mpwa wake, Saidi, ambaye ndiye mrithi kwa desturi ya ukoo wao. Alikaa kwenye meza yangu, akanywa chai, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mama, uwanja huu ni wa mjomba. Wewe umejenga kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mjomba wako mwenyewe."

"Alikupa mahali, au alikuacha uuze chakula tu? Kuna aliyesikia?"

Nikamwonyesha leseni. Akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hii inasema unaruhusiwa kupika, mama. Haisemi unaruhusiwa kupika hapa."

Mwanangu, mimi nilikuwa naitunza karatasi ile ndani ya sanduku kama hirizi. Nilidhani inasema kila kitu. Haikuwa na habari na ardhi, wala na nyumba, wala na mtu niliyeanza naye. Ukipewa karatasi bomani, muulize karani inakupa nini na haikupi nini, hata akikunja uso. Akisema ana haraka, kaa kwenye benchi ungoje apumzike.

Shahidi wa neno la Mzee Chilumba alikuwa mmoja tu duniani. Nilikaa nikijizungusha kwa kutafuta mwingine. Mwishowe nikapanda kule juu, nikauliza nyumba kwa nyumba, nikamkuta Anastasia anapalilia muhogo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nikamweleza. Aliegemea jembe akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wanataka kukunyang'anya?"

"Ndiyo."

"Na mtoto wako atalala wapi?"

Hakungoja nijibu. Akasema, "Nitakuja. Mzee Chilumba alisema kweli, na mimi nilisikia. Sitamwacha marehemu aonekane hakusema." Na akaja. Alishuka kwa miguu yake, hakutaka nauli yangu.

Liwali alikuwa yuleyule, na watu karibu walewale. Anastasia akaapa, akaeleza fimbo, mkorosho, kichuguu, maji aliyonyunyizia mstari. Alieleza vizuri mpaka nikaona baraza limeanza kunielekea. Ndipo karani akainama akamnong'oneza liwali. Liwali akakaa wima.

"Mama, wewe si uliyemshtaki huyu?"

"Ndimi."

Akanigeukia. "Biti Mfaume, ulituapia hapa kwamba huyu alikuja hoteli ikiwa imeshajengwa. Leo huyu anasema siku mnapewa uwanja alikuwepo. Hayo mawili hayakai pamoja. Kati yenu mmoja amelidanganya baraza hili. Ni nani?"

Anastasia alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayekungoja umalize kutafuna ndipo aendelee kuzungumza. Nilifahamu kwamba nikisema neno moja, uwanja huenda ukabaki, lakini hoteli itakuwa yetu wawili, na mimi huenda nikafungwa kwa kiapo cha uongo. Nilikuona wewe dirishani, umebebwa na yule msichana wa jikoni, unakula muwa. Siku zote nimejiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yako. Sasa umekua, nakutua mzigo huo. Nilinyamaza kwa ajili yangu. Niliona haya mbele ya watu waliokuwa wakinisifu.

Nikainamisha kichwa. Liwali alingoja, kisha akasema ushahidi wa mwanamke huyu haukubaliki, na akamwonya kwa ukali asirudi tena barazani kusema uongo. Anastasia akasema, "Nimesikia, bwana." Hayo tu. Saidi akapewa uwanja wake. Hakunifukuza siku ile, alinipa muda wa kuvuna kibustani changu, na mimi sikumlaumu kamwe. Sheria ilikwenda na ilichoonyeshwa.

Tukarudi hapa Kikole kwa wajomba zako. Wewe ulifurahi kwa sababu ya mto.

Miaka ikapita kabla sijapata ujasiri. Ulipokuwa shuleni, niliaga kwamba nakwenda kuzuru jamaa, nikapanda tena kule juu. Anastasia alikuwa amezeeka kidogo, ana wajukuu kwa watoto wake wakubwa. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunawa. Nikataka kunyanyuka nikamsaidie jikoni, kama mwanamke yeyote angefanya, na kama mimi na yeye tulivyofanya miaka yote ile. Akanisukuma bega polepole. "Kaa, mgeni," akasema. Akaleta chakula kimefunikwa kawa. Nilikula peke yangu, namsikia anavyogeuza vyungu upande wa pili wa ukuta.

Baada ya kula nikamwambia niliyokuja kumwambia. Nililia. Yeye hakulia. Alisema, "Dada, umetembea mbali kuniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale wa Mtama." Kisha akanisindikiza mpaka njia kuu, akanifungia muhogo mkavu wa njiani.

Mwaka jana, ulipodhani nimekwenda Lindi kwa mganga wa macho, nilifika Mtama. Liwali alikwisha hamishwa zamani, hakuna aliyejua wapi. Madereva wametawanyika. Mahali petu Saidi ameweka stoo ya ufuta. Niliuliza hapa na pale mpaka nikampata mwanamke mmoja anayeuza vitumbua, ambaye siku ya baraza alikuwepo, msichana wakati ule. Nikamuuliza kama anamkumbuka Anastasia, aliyekuwa akipika hotelini.

"Yule Mmakonde aliyesema uongo barazani?" akasema. Alisema bila ubaya, kama unavyomtaja mtu kwa ulemavu wake ili ajulikane.

Nikamwambia, hapana, hakusema uongo, aliyesema uongo ni mimi. Nikamweleza pale pale, nimesimama, watu wananunua wanapita. Alinisikiliza akiendelea kugeuza vitumbua vyake. Nilipomaliza akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Bibi, umekula leo?" Akanipa kitumbua, hakutaka nilipe. Nikafahamu kwamba hakuniamini, au ameniamini na halimhusu.

Mwanangu, mkifika kukata leseni, nendeni wewe na Rukia, siku moja, mfunge chumba. Karani akisema mstari ni mmoja, mwambieni aandike majina yote mawili kwa herufi ndogo. Na mwenye chumba akiwaruhusu kwa mdomo, mshukuruni, kisha mwombeni aandike. Rukia akichukia, msomee barua hii. Nakuruhusu. Msomee yote, na pale nilipoapa usiparuke.

Shangazi zako wamekuachia, nakusikia unakuja. Mungu akufikishe salama.

Mimi mama yako,
Biti Mfaume